USIPOZIBA UFA: HISTORIA YA PLASTIKI NDANI YA BENZI LA KAKA

Ndugu Mhariri aliponiandikia akiniomba makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu, nadhani alitegemea niandike juu ya mabweni, au timu yetu ya kandanda ya mwaka 1973. Habari hizo wenzangu wamekwisha kuziandika, tena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Naomba basi ruhusa ya wasomaji niandike historia ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu amekigusa bila ya kukifikiria, yaani plastiki iliyomo ndani ya gari la fahari, jinsi ilivyoingia humo, kwa nini huvunjika, na jinsi inavyoweza kutengenezwa. Nawaomba wanafunzi mlioko darasani leo msiifunge kurasa hii kwa kudhani ni habari za wazee na magari yao. Mtaona kwamba ni habari za Kemia.

Asili ya jambo lenyewe

Gari ninalolisema ni Mercedes-Benz 280E, la ule mfululizo ambao kiwandani uliitwa W123. Lilikuwa la kaka yangu, aliyenitangulia katika shule hii kwa miaka miwili. Alilinunua mnadani mwaka 1991, akalitunza kuliko wengi wetu tunavyotunza afya zetu.

Mwaka 2016 tulikuwa safarini kwenda mazikoni Morogoro. Njiani alinionyesha ufa juu ya dashibodi, upande wa abiria, urefu wake kama kidole cha shahada. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyekuwa ukipata alama za juu katika Kemia. Hebu nitafutie dawa ya kidonda hiki." Nikamjibu, "Kaka, hiyo ni plastiki tu. Injini ni nzima, una wasiwasi wa nini?" Akacheka. Hakuniuliza tena, nami sikukumbuka.

Kaka alifariki dunia mwaka 2019. Mwaka uliofuata shemeji aliniita, akanieleza kwamba ameamua kuliuza gari ili apate karo ya mjukuu. Akaja mnunuzi. Alifungua boneti, akasikiliza injini, uso ukamng'aa. Kisha akafungua mlango, akanyamaza. Ufa ule wa kidole ulikuwa umekwisha kuivuka dashibodi nzima na kuzaa watoto wanne. Kifuniko cha kisanduku kilicho mbele ya abiria kilikuwa kinaning'inia kwa sikio moja. Tundu moja la kupitishia hewa lilikuwa limeanguka ndani, na kipande cha mlangoni kilikuwa kimefungwa kwa waya. Mnunuzi akasema, "Mama, injini ni nzima, lakini humu ndani mmekwisha kufa." Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya chuma chakavu.

Nilimwomba shemeji anipe miezi sita. Hakunilaumu kwa neno hata moja, maana hakujua kwamba nilikuwa na deni. Mimi nilijua.

Plastiki iliingiaje ndani ya gari?

Magari ya kwanza hayakuwa na plastiki. Ndani yake mlikuwa na mbao, chuma, shaba na ngozi, vitu ambavyo baba zetu walivifahamu na mafundi wetu waliweza kuviunga. Mabadiliko yalianza mwaka 1907, wakati Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alipotengeneza plastiki ya kwanza iliyotokana na kemikali tupu, akaiita Bakelite. Ilikuwa nyeusi au ya kahawia, ngumu, haiyeyuki kwa moto wala haipitishi umeme. Kwa hiyo iliingia kwanza katika vitu vidogo vya gari, kama vile vishikio vya gia na vifuniko vya sehemu za umeme.

Nyingine zikafuata. Mwaka 1926 Waldo Semon, akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, aligundua namna ya kuilainisha PVC, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ngumu isiyo na matumizi mengi. Akaipa vilainishi, ikawa laini mfano wa ngozi. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia alipata polipropilini, na kazi hiyo ilimletea yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 ikaingia sokoni plastiki iitwayo ABS, iliyo ngumu na yenye uso mzuri. Vitofali vya kuchezea vya Lego, ambavyo wajukuu wetu huviacha sakafuni vituchome nyayo, vimetengenezwa kwa ABS tangu mwaka 1963. Huko Ujerumani Mashariki walithubutu zaidi. Gari lao la Trabant, lililoanza kutengenezwa mwaka 1957, lilivikwa bodi ya nyuzi za pamba zilizogandishwa kwa utomvu ambao ni binamu wa Bakelite.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea historia. Husemwa kwamba plastiki iliingia katika magari ya fahari kwa ubahili wa wenye viwanda. Ni kweli kwamba plastiki ni rahisi kuumbwa kwa maelfu. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ni uhai wa watu. Katika magari ya zamani, abiria aliyerushwa mbele katika ajali alikutana na chuma tupu, vitufe vilivyochongoka, na mhimili wa usukani uliomlenga dereva kifuani kama mkuki.

Mhandisi Béla Barényi, aliyezaliwa Austria mwaka ule ule wa 1907, alifanya kazi katika kampuni ya Daimler-Benz akilitafakari jambo hilo. Mwaka 1951 aliomba hataza ya gari ambalo sehemu zake za mbele na nyuma hukunjamana katika ajali, huku chumba cha abiria kikibaki imara. Fikra hiyo ilitokea barabarani mwaka 1959 katika Mercedes-Benz za mfululizo wa W111. Ndani ya magari hayo dashibodi ilivikwa mto, na katikati ya usukani pakawekwa mto pia. Mwaka 1965 Mmarekani Ralph Nader alitoa kitabu cha kuwashutumu watengenezaji wa magari kwa kupuuza usalama wa abiria, na mwaka 1966 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya usalama wa magari. Tangu hapo, povu laini lililofunikwa kwa ngozi ya PVC lilienea katika dashibodi duniani kote. Basi ile "plastiki tu" niliyomdharaulia kaka ilikuwa imewekwa pale ili ipokee kichwa chake siku ya ajali.

Benzi na Wabenzi

Magari ya W123 yalionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1976, na hadi yalipokoma kutengenezwa mwaka 1986 yalikuwa yametoka karibu milioni 2.7. Huko kwao Ujerumani mengi yalikuwa teksi. Huku kwetu Afrika Mashariki lilikuwa gari la wakubwa. Wazee wenzangu mnakumbuka neno "Wabenzi", lililotajwa kana kwamba ni kabila jingine lenye mila zake. Hapa Tanzania neno hilo lilikuwa na ukali wa pekee, kwa kuwa Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilikuwa limewawekea viongozi miiko dhidi ya ubepari, na Benzi lililopita barabarani likivumbisha vumbi liliwafanya watu waulizane maswali.

Kisha miaka ikawa migumu. Bei ya mafuta ilipanda ghafula mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka mwaka 1983. Katikati ya hayo kukawa na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri vikaadimika pamoja nazo. Benzi la mkubwa na basi la mkulima vikawa sawa mbele ya fundi, maana vyote viwili vilimngoja abuni.

Mafundi wa miaka hiyo hawakuwa na neno "haiwezekani". Kishikio cha mlango kikivunjika, kilichongwa kingine kwa mti wa mninga. Kifungio kikipotea, kilikatwa kwa mpira wa tairi. Nyufa zilishonwa kwa waya wa shaba uliopashwa moto. Baada ya biashara kulegezwa kuanzia mwaka 1984, na hasa magari yaliyotumika ya Kijapani yalipoanza kumiminika katika miaka ya 1990, ustadi huo ulianza kudharauliwa. Kipande kikivunjika, kinanunuliwa kingine. Wahenga walituonya kwamba usitupe mbacha kwa msala upitao. Msala ukishapita, gari lako likawa la zamani na kiwanda kikaacha kutengeneza kile kipande, utaurudia mbacha wako kwa machozi.

Makosa yangu mawili

Sasa naungama. Nilianza kazi kwa kiburi cha mtu aliyesoma. Nilinunua supa gluu dukani, nikakaa barazani na lile tundu la hewa lililoanguka. Tundu hilo lina mapezi membamba yanayozunguka kwenye vijiti vidogo, na pezi moja lilikuwa limevunjika. Niliweka tone moja. Gundi ile ni nyepesi kama maji, ikatambaa yenyewe kufuata nafasi nyembamba hadi kwenye vijiti vyote. Kufumba na kufumbua mapezi yote yalikuwa yameshikana kama meno. Asubuhi yake nilikuta na utando mweupe umeenea juu ya plastiki nyeusi, kwa sababu mvuke wa gundi hiyo hutua pembeni na kuganda. Kipande kilichokuwa kibovu sehemu moja nikawa nimekiua chote.

Kosa la pili lilikuwa la kisomi zaidi. Nilikumbuka kwamba plastiki ya jamii moja huyeyuka na kuungana. Nikachukua kile kipande cha mlangoni, nikakitia majini, kikaelea. Nikakata kipande cha dumu la mafuta ya kupikia, nacho kikaelea. Nikajipongeza, "Ndugu hawa." Nikaviyeyusha pamoja kwa pasi ya kulehemu, nikalainisha kwa msasa, nikakirudisha mlangoni. Siku ya tatu shemeji alifunga mlango, na kiungo kikabanduka kizima kizima kama gamba. Dumu lilikuwa la polithilini na kipande changu kilikuwa cha polipropilini. Huelea vyote viwili, lakini vikiyeyushwa havichanganyiki.

Somo la Gerezani

Ndipo nikaenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja mzee ambaye kaka alizoea kumpelekea gari. Nilimweleza shida yangu, nikamuuliza, "Mzee, ni gundi gani inayoshika plastiki zote?"

Akaniambia, "Kijana wangu, hospitali gani inatoa dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa jina lake?" Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kupita miaka sitini, lakini kwake nilikuwa kijana, na nilistahili.

Akaleta bakuli la maji, waya wa shaba na kichupa cha asetoni, ile dawa ambayo dada zetu hufutia rangi ya kucha. Alikata chembe ndogo kutoka upande wa nyuma wa kila kipande, mahali pasipoonekana. Ile iliyoelea aliiweka kushoto, na zilizozama akaziweka kulia. Lakini akanionya kwamba maji ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi, kwani kiwandani plastiki huweza kuchanganywa na unga wa mawe, ikazama ingawa asili yake ni ya kuelea. Kisha akagusisha asetoni. Chembe za kile kisanduku na za tundu la hewa nililoliua zilinata kama ubani. Ya mlangoni haikusikia lolote.

Mwisho alitoka nje, akapasha waya wa shaba motoni hadi ukawa mwekundu na moto ukabaki safi, akaugusisha kwenye ngozi ya dashibodi, akaurudisha motoni. Ulimi wa moto ukageuka kijani kibichi. "Hii ni ile ya chumvi," akasema.

Ndugu wasomaji, nilisimama pale kama niliyepigwa na radi. Jaribio lile lilielezwa mwaka 1872 na mkemia Friedrich Konrad Beilstein. Shaba ikikutana na klorini motoni, hutoa rangi hiyo ya kijani, nayo PVC imejaa klorini, ambayo kiwandani hupatikana kwa kuipitisha umeme chumvi ya kawaida iliyoyeyushwa majini. Mzee yule hakupita Kidato chochote. Mimi nilipita, na nilifundishwa rangi za miali ya moto katika maabara ya shule hii hii, dirisha la pili kutoka mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa akitumia elimu yangu.

Kwa nini plastiki huzeeka

Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu, na kwa faida ya wanafunzi naeleza kwa ufupi niliyoyasoma.

PVC laini si kitu kimoja. Ni PVC ngumu iliyonyweshwa vilainishi vya mafuta. Gari likiegeshwa juani madirisha yakiwa yamefungwa, uso wa dashibodi huweza kupita nyuzi 80 za Sentigredi. Kwa joto hilo vilainishi hutoka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, vingine vikienda kutua kwenye kioo cha mbele. Ule utando wa mafuta mnaoufuta ndani ya kioo ni sehemu ya dashibodi yenu inayowaaga. Ngozi iliyobaki husinyaa na kukakamaa, na kwa kuwa imegandishwa juu ya povu isiweze kujikunja, hupasuka.

ABS nayo ina chembe za mpira ndani yake, ziitwazo butadieni, na hizo ndizo zinazoizuia isivunjike kama kioo. Mionzi ya jua ya urujuanimno na oksijeni ya hewa hushambulia kwanza mpira huo. Ukiisha kufa, kipande huonekana kizima kwa macho lakini hukatika kwa kuguswa. Ndiyo maana fundi mzuri havui vipande vya gari la zamani asubuhi ya baridi. Hungoja mchana, au huvikanda kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto, kwa kuwa plastiki yenye joto hupinda kabla ya kuvunjika.

Nakumbuka tulivyowacheka wamama waliotandika vitambaa vya kufuma juu ya dashibodi za magari ya baba zetu. Tulisema ni ushamba. Kumbe kitambaa kile kilikuwa kinazuia mionzi isiifikie PVC. Tuwaombe radhi.

Kazi yenyewe

Kisanduku kilikuwa cha ABS. Lile tundu la hewa nililoliua lilikuwa la ABS pia, basi nililikatakata vipande vidogo, nikavitia katika chupa ya kioo pamoja na asetoni, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nilipata uji mzito mweusi. Nilisafisha sikio lililokatika, nikalipaka uji huo pande zote mbili, nikalifunga kwa uzi, nikaliacha siku mbili bila kuligusa. Asetoni huyeyusha kidogo uso wa plastiki, kisha huruka, na vipande viwili hubaki kuwa kitu kimoja. Haraka haraka haina baraka. Ukifungua baada ya saa moja, utakuwa umepaka uji tu. Hivyo tundu lililokufa likawa dawa ya kisanduku. Tundu lenyewe nililitafuta kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, Mtaa wa Shauri Moyo, Ilala, na sina haya kulisema, maana si kila kitu hutengenezeka.

Kipande cha mlangoni, cha polipropilini, hakikubali gundi za kawaida. Fundi alinielekeza nitafute kiti cha plastiki kilichovunjika, vile viti vyeupe vya harusini, kwa sababu vingi ni vya polipropilini. Nilikata vijiti vyembamba kutoka mguu wa kiti. Upande wa nyuma wa ufa nilizamisha kwa pasi ya kulehemu kipande cha wavu wa chujio la chai, kisha nikayeyushia vile vijiti juu yake. Wavu wa chuma ndani ya plastiki hufanya kazi ile ile ya nondo ndani ya zege. Shemeji amekwisha kuufunga mlango ule mara nyingi mno.

Mashimo ya skrubu yaliyopasuka niliyazungushia waya mwembamba wa shaba, nikafunika kwa gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili. Skrubu niliziingiza kwa mkono, wala sikuzikaza kwa nguvu. Skrubu nyingi za plastiki huharibiwa na fundi mwenye misuli.

Dashibodi ilichukua majuma matatu. Kingo za ufa zilizojikunja nilizikata kwa wembe mpaka zikalala. Povu lililogeuka unga nililitoa, nikajaza sponji iliyolowanishwa gundi inayobaki laini, kwani kijazio kigumu kingepasuka tena kwenye joto la kwanza. Baada ya kusawazisha, nilimwachia fundi wa viti, akaivika yote ngozi bandia mpya, akiivuta polepole kwa hewa ya moto. Hapa natoa onyo moja kubwa. Gari hili halikuwa na mifuko ya hewa. Kuanzia mwaka 1981 Mercedes-Benz ilianza kutoa mifuko hiyo katika magari ya mfululizo wa W126, na siku hizi imo karibu kila gari. Mahali penye mfuko wa hewa pasivikwe, pasijazwe wala pasigandishwe kitu, kwa sababu mfuko unaozuiwa kufunguka hauwezi kuokoa mtu.

Onyo la pili ni kwa wanafunzi. Asetoni hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa, basi isifunguliwe karibu na jiko. PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Majaribio hayo yafanywe nje, kwa chembe ndogo, na mwalimu awepo.

Mwisho

Mwezi wa sita ulipotimia, shemeji alimwita mnunuzi mwingine. Huyu naye alisikiliza injini, kisha akafungua mlango, akaketi, akafungua na kufunga kisanduku mara tatu. Hakusema neno. Akapitisha kiganja juu ya dashibodi, halafu akauliza bei. Gari liliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya ile bei ya kwanza, na Januari 2022 mjukuu wa kaka aliingia Kidato cha Kwanza, karo yake ikiwa imelipwa.

Siku gari lilipoondoka, shemeji alinishukuru mbele ya watu. Nilimweleza hapo ndipo habari ya ule ufa wa kidole wa mwaka 2016. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, yeye alijua huwezi. Ndiyo maana hakukuuliza tena." Sijui kama alisema hivyo kunifariji au kunichapa. Yote mawili nimeyapokea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliisoma methali hiyo darasani, tukaiandikia insha, tukapata alama, na mimi nikaenda nikaiacha ndani ya daftari. Nimekabidhi kwa maabara ya shule kisanduku kidogo chenye chembe za plastiki tatu nilizozitaja, waya wa shaba, na maelezo yake katika karatasi moja. Wanafunzi watakaovitumia wasitafute Benzi. Waanze na ndoo iliyopasuka bwenini, kwa kuiuliza jina lake kabla ya kuitupa.